Utepe

Daktari alitoa utepe mfukoni mwa koti,
wa njano, kama huu wangu wa Kiborloni
niliopimia viuno vya mabibi harusi na mabega ya wanakwaya.
Akauzungusha kichwani mwa Apaeli, juu ya nyusi,
akasoma namba, akaandika, hakusema.
Mimi ni fundi. Kipimo kikipungua nakijua
kabla mtu hajafungua mdomo.

Kisha akavuta kiti.
"Mama, ulipombeba huyu, ulikuwa unatumia nini?"
Feni iligeuka, ikanitazama, ikapita.

Kwenye kadi yangu ya kliniki, ile iliyolowa jasho,
kuna mstari umeandikwa Pombe,
na mbele yake, kwa mwandiko mzuri wa muuguzi:
Hapana.
Hilo neno nililitoa mimi, na pipi ya tangawizi shavuni.

Baba yake alikwenda Mererani kutafuta jiwe,
akapata mke.
Nikabaki na cherehani na mkono unaotetemeka,
nikagundua kuwa gongo ya Majengo hutuliza sindano.
Chupa ya soda, kizibo cha gazeti.
Asubuhi kidogo, ili uzi upite tunduni.
Jioni zaidi, ili usiku upite.
Jumapili mbege, maana wifi alisema
mbege si pombe, mbege ni chakula, huleta maziwa.
Tumboni alicheza, akacheza, kisha akatulia.
Nikasema: mtoto mpole.

Kumbe humo ndani palikuwa na fundi mwingine,
asiyelala, anayeunga uzi kwa uzi:
huu wa kukumbuka, huu wa kungoja,
huu wa kujua kwamba baada ya leo kuna kesho.
Na kila glasi iliyotuliza mkono wangu
ilitetemesha wake.

Sasa ana miaka minane.
Anajua jina la kila mbwa wa Njoro.
Mtume chumvi na kiberiti, atarudi na tabasamu.
Jana tatu mara nne aliijua; leo tatu ni mdudu
anayetambaa kwenye daftari.
Mwalimu Mrutu alimchapa kwa ukaidi,
nami nikanyamaza, nikiijua fimbo ile
imekosea mgongo.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,"
jirani ananirushia, huku anapepeta mchele.
Haya. Lakini wahenga,
kwa nini mlianzia kwenye kulea?
Mbona umbebavyo hamkuitaja?

Daktari hakunifokea. Ningependa anifokee.
Alisema palipokosewa hapafumuliki,
ila kitambaa bado kipo, na kirefu.
"Mpe jambo moja. Likiisha, la pili.
Njia ileile, kila siku. Usichoke kabla yake."

Basi nimeshona. Uzi mwekundu, kiatu cha kushoto.
Kitufe cha bluu, mfuko wa pesa ya chumvi.
Mfuko wa pili nimeuziba kabisa,
huko ndiko vitu vilikuwa vinazama.
Namwona akienda dukani: anagusa kitufe,
anatembea, anamsalimia mbwa, anagusa tena.
Mara ya tatu ya wiki hii amerudi na chumvi.
Mara mbili amerudi na mbwa.

Shuleni nilipeleka barua, na lile neno
nililolinyima kadi nikalisema kwa sauti, mlango wazi.
Fimbo bado iko juu ya kabati.
Apaeli amehamia dawati la mbele.

Mchana mlima hujifunika.
Kila siku anatoka kibandani, anashtuka:
"Mama, mlima umekwenda wapi?"
Upo. Umefunikwa tu.
"Utarudi?"
Utarudi.
Anaridhika, kama mtu asiyewahi kuambiwa,
nami namgeukia mteja, utepe mkononi,
kiuno inchi ishirini na...
Samahani, dada.
Simama vizuri, nikupime tena.